Daftari za misimu 3 za kiwanda cha alizeti: je, zinaweza kunionyesha mafuta yanapotelea wapi?

Mkamuaji wa Singida (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninaendesha kiwanda kidogo cha kukamua alizeti nje kidogo ya mji wa Singida. Tuna mashine 2 za kukamulia, chujio 1, matangi 3 ya kutulizia mafuta, na wafanyakazi 11 katika miezi ya msimu. Tunaanza kununua mbegu mwezi Mei wakulima wanapovuna, tunaendelea hadi Agosti, kisha tunakamua akiba iliyo stoo hadi karibu na Februari kadiri mtaji unavyoruhusu. Mbegu zetu zinatoka Iramba, Mkalama na Ikungi, nyingine tunaletewa na wakulima wenyewe, nyingine kupitia madalali.

Tangu siku ya kwanza nimekuwa mtu wa kuandika. Nina daftari la manunuzi lenye idadi ya magunia na bei, daftari la mauzo ya mafuta kwa dumu la lita 20, daftari la mashudu, na bahasha zilizojaa risiti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mwezi uliopita niliketi na mwanangu anayesoma chuo, tukaingiza misimu 3 kwenye kompyuta, na tulichokiona kimeninyima usingizi. Msimu wa kwanza gunia moja lilitupa wastani wa lita 19. Msimu wa pili lilitupa lita 16. Msimu uliopita tulipata lita 17 na kidogo. Mashine ni zilezile na opereta mkuu ni yuleyule.

Sijui tofauti hiyo inatokana na mbegu, mashine, mizani au mikono ya watu, na sitaki kuanza kumshuku mtu aliyefanya kazi nami miaka yote hii kwa sababu ya wastani uliopatikana kwenye karatasi. Wakati huohuo amenijia muuzaji wa mfumo wa vihisi na programu ya kompyuta, akiniahidi kwamba nitauona uzalishaji wangu wote kwenye simu. Bei anayoitaja ingenunua mbegu za wiki kadhaa.

Maswali yangu ni haya: takwimu nilizonazo zinatosha kunieleza jambo lolote la kweli? Kama hazitoshi, niandike nini kuanzia Mei ijayo? Na je, kuna haja ya kununua mfumo huo kabla ya kuelewa ninachokitafuta?

---

Fundi wa mashine za kukamua, Dodoma

Ndugu yangu, kwanza nikupongeze kwa kuandika. Nimefunga na kutengeneza mashine za kukamua kwa zaidi ya miaka 15 hapa Dodoma na huko Singida, na viwanda vyenye daftari la msimu mmoja tu ninavihesabu kwa vidole. Hata hivyo takwimu zako zina kasoro moja inayozifanya zishindwe kukujibu: umepima mbegu kwa gunia.

Gunia ni chombo, na uzito wake unategemea aliyelijaza. Sote tunajua habari ya lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, na upande wa pili wapo madalali wanaoleta gunia lililolegea, lenye mapepe na mchanga chini. Alizeti ni nyepesi, kwa hiyo gunia moja laweza kuwa na kilo 58 na jingine kilo 70, na kwa macho ukayaona ni mamoja. Ukigawa lita kwa magunia unapata namba inayopanda na kushuka kwa sababu ya wafungaji wa magunia, wala si kwa sababu ya mashine yako. Lita 19 na lita 16 zinaweza kabisa kuwa ufanisi uleule wa kiwanda, mbegu zikiwa zimepimwa kwa magunia mazito mwaka mmoja na mepesi mwaka mwingine. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa, nasema daftari lako halina uwezo wa kutofautisha mambo hayo mawili.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kila kinachoingia na kutoka kipimwe kwa kilo. Mbegu zipimwe zinapoingia stoo, zipimwe tena baada ya kupepetwa kabla ya kumiminwa kwenye mashine, takataka zilizopepetwa zipimwe, mashudu yapimwe, na mafuta yapimwe baada ya kutulia na kuchujwa. Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji: lita 1 ina takribani kilo 0.92, hivyo dumu la lita 20 likijaa sawasawa lina kilo 18.4 bila kuhesabu uzito wa dumu lenyewe. Ukishakuwa na kilo pande zote, unaweza kufanya hesabu ambayo kwangu ina thamani kuliko programu yoyote: kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka.

Tuchukue mfano wa tani 1. Umenunua kilo 1,000. Kwenye upepetaji zimetoka kilo 30 za vumbi, vijiti na mapepe, zikabaki kilo 970 za mbegu safi. Mafuta safi uliyopata ni kilo 280, yaani kama lita 304. Mbegu zikikamuliwa hupata joto na sehemu ya maji yake hutoka kama mvuke unaouona juu ya mashudu, tuseme kilo 25. Mashudu yanapaswa kuwa kilo 665. Mizani ikikuonyesha mashudu kilo 620 tu, una kilo 45 zisizo na maelezo, na hapo ndipo pa kuuliza: zimemwagika, zimeachwa kwenye matope ya tangi, mizani inadanganya, au zimepita mlangoni? Ukipima kila zamu utajua swali hilo ni la Jumanne usiku. Ukisubiri hadi mwisho wa msimu halina mwenyewe, na hapo ndipo watu wema hushukiwa bure.

Sasa turudi kwenye kilo zile 665 za mashudu, kwa sababu upotevu mkubwa zaidi kwa kawaida hauibiwi na mtu yeyote, unauzwa kwa mfugaji kwa bei ya chakula cha kuku. Tuseme mbegu zako safi zina mafuta asilimia 38. Kilo 970 zilikuwa na mafuta kilo 368 na ushee, wewe umetoa 280, kwa hiyo kilo 88 zimebaki ndani ya mashudu, sawa na zaidi ya asilimia 13 ya uzito wake. Mashine ndogo ya skrubu haiwezi kumaliza mafuta yote. Hiyo ni kazi ya viwanda vikubwa vinavyotumia kiyeyushi, yaani kemikali inayoyeyusha mafuta, ambako kinachobaki ni karibu asilimia 1. Lakini mashine yako ikiwa na vyuma vizuri na mbegu zenye unyevu unaofaa, inaweza kuacha asilimia 8 hadi 10. Ukishusha kutoka 13 hadi 9, hesabu inakupa nyongeza ya karibu kilo 31 za mafuta kwa kila tani ya mbegu, yaani lita 34 hivi. Ni zaidi ya dumu moja na nusu kutoka mbegu zilezile, umeme karibu uleule, wafanyakazi walewale. Mashudu yatapungua kwa kilo hizohizo, nawe upunguze thamani yake kwenye hesabu ya faida, ila kilo ya mashudu na kilo ya mafuta hazilingani bei popote ninapopajua.

Kuhusu mfumo wa vihisi, shauri langu ni kuuacha kwa sasa. Kihisi kitahesabu mizunguko ya mota na kukutumia grafu nzuri, lakini hakijui kama mbegu iliyoingia ni ya Mkalama au ya Ikungi, wala hakijui mashudu yamebaki na mafuta kiasi gani. Weka fedha hizo kwenye mizani ya jukwaa, kipima unyevu, na seti mpya ya vyuma vya kukamulia.

---

Mama wa mpunga, Kahama

Mwanangu, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu limenigusa. Mimi nina kinu cha kukoboa mpunga, biashara tofauti na yako, lakini ule usingizi unaosema umekukimbia naujua.

Fundi amesema kweli kuhusu mizani, nami nataka kuongezea habari ya watu. Nilipoanza kupima mpunga unaoingia na mchele, pumba na chenga zinazotoka, vijana wangu waliona nimeleta mtego. Kwa wiki mbili namba zilikuja nzuri mno, siku zote zinafanana, mchele kilo 67 kwa kila 100 za mpunga bila kupanda wala kushuka. Mpunga wa wakulima hauwezi kufanana hivyo. Walikuwa wanaandika wanachodhani nataka kukiona.

Niliwaita, nikawaambia kwamba namba mbaya iliyoandikwa kwa ukweli haitamkata mtu mshahara. Kisha nikatimiza, na hilo la kutimiza ndilo lililobadilisha mambo. Siku kijana mmoja alipoandika kwamba chenga zimekuwa nyingi kuliko kawaida, tulifungua mashine pamoja tukakuta rola ya mpira imelika upande mmoja. Nilimshukuru mbele ya wenzake. Tangu siku ile wao ndio wanaonifuata kuniambia kabla sijaliona kwenye daftari. Tulibandika ubao ukutani, kila zamu inaandika kwa chaki kilo zilizoingia, mchele mzima, chenga na saa ambazo mashine ilisimama pamoja na sababu yake. Wanauona wao wenyewe, hawausikii kwangu mwisho wa mwezi.

Opereta wako mkuu mweke karibu tangu mwanzo. Mwambie unatafuta nini, mwombe naye akuambie anachoona. Mtu anayesimama mbele ya mashine saa 10 kwa siku anajua kwa harufu na kwa mlio kitu ambacho wewe utakijua kwa hesabu wiki moja baadaye.

---

Mhasibu wa kiwanda cha chai, Kericho

Salamu kutoka Kenya. Ndugu yetu wa Singida, kazi yetu hapa ni ya majani mabichi, lakini mantiki haitofautiani. Kiwanda cha chai huishi kwa uwiano mmoja: kilo ngapi za majani mabichi zimetumika kupata kilo 1 ya chai kavu. Kwa kawaida ni kama kilo 4.5. Uwiano huo ukipanda bila sababu, mfano mvua iliyoacha maji juu ya majani, msimamizi huulizwa siku ileile. Wewe pia chagua uwiano wako mkuu mmoja. Kwa maoni yangu uwe kilo za mafuta safi kwa kila kilo 100 za mbegu zilizopepetwa, na uandikwe kwa kila fungu la mbegu, si kwa mwezi wala msimu.

Neno fungu nalisisitiza. Wastani wa msimu umechanganya mbegu za wilaya 3, aina tofauti, unyevu tofauti, mashine 2 na zamu 2. Ndani ya mchanganyiko huo sababu zote zimezama pamoja. Mbegu ya Record iliyozoeleka kwa miaka mingi na chotara kama Hysun 33 hazina kiwango kimoja cha mafuta, kwa hiyo mkulima aliyekuletea mbegu yenye mafuta mengi amelipwa bei ileile na aliyekuletea maganda matupu. Mpe kila mzigo namba unapoingia. Iandike kwenye kibandiko cha magunia, kwenye daftari la zamu na kwenye tangi. Usimimine fungu jipya kabla la kwanza halijamalizika, na kama ni lazima kuchanganya basi andika kwamba yamechanganywa. Ukishakuwa na mafungu 30 au 40 yaliyoandikwa hivyo, yapange kwa chimbuko, kisha kwa mashine, kisha kwa zamu, uone tofauti inajitokeza wapi. Kama mbegu za Iramba zinatoa mafuta mengi kwenye mashine zote mbili, jibu liko kwenye mbegu na unaweza kuanza kulipa bei inayofuata ubora. Kama mashine ya pili inatoa kidogo kwa mbegu zozote unazoipa, mwite fundi.

Ukifika kwenye kurekebisha kuna sharti: badili jambo moja kwa wakati. Nimeona kiwanda kikibadili vyuma, kikaongeza muda wa kukausha na kubadili msimamizi katika wiki moja, uzalishaji ukapanda, na hadi leo hakuna anayejua shukrani ziende wapi.

Kuhusu bahasha zako za LUKU, usizitupe hata kidogo. Yuniti za umeme kwa kila tani ya mbegu ni kipimo cha pili kwa umuhimu, nacho huwahi kutoa onyo. Mota inayozunguka bila mbegu inakula umeme, kwa hiyo yuniti kwa tani zikipanda huenda mashine inazunguka tupu ikisubiri mbegu, au beringi imekauka, au mbegu zimeingia baridi na ngumu. Risiti peke yake inaonyesha ulinunua lini, haionyeshi ulitumia lini. Soma mita mwanzo na mwisho wa kila zamu, ni kazi ya dakika moja. Na kama siku moja utakua hadi kufikia kundi la wateja wanaolipia pia kilele cha matumizi kwa kVA, kipimo cha umeme unaovutwa kwa wakati mmoja, utaanza kujali hata saa unayowasha mashine zote mbili kwa pamoja.

Andika pia muda. Zamu ya saa 10 ambayo mashine ilisimama saa 3 imekupa asilimia 70 tu ya muda wake, hata kama kila kilo iliyokamuliwa ilikamuliwa vizuri. Na kila mashine inaposimama iandikwe sababu kwa neno moja: umeme, mbegu hazipo, kuziba, ukanda, chakula, usafi. Baada ya mwezi jumlisha saa kwa sababu. Mara nyingi sababu mbili tu hubeba sehemu kubwa ya muda uliopotea, nazo si zile ambazo mwenye kiwanda alikuwa akizilalamikia.

---

Mkamuaji wa Singida (mwanzisha mada)

Shikamoo Mama, na asanteni nyote. Nimechapisha majibu yenu nikayapeleka kiwandani, na nilimsomea opereta wangu maneno ya Mama neno kwa neno. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia: msimu wa pili, ule wa lita 16, mbegu nyingi za mwanzo ziliingia zikiwa na unyevu kwa sababu nilikuwa ninashindana na wanunuzi wengine na nilinunua haraka. Mashine zilikuwa zinaziba, mashudu yakitoka laini kama ugali, naye alikuwa akilegeza sehemu inayobana mashudu ili kazi isisimame. Alidhani ninajua.

Kwa hiyo swali langu la nyongeza linahusu unyevu. Nitaupimaje kwa njia ambayo namba yake inaaminika, na nikishaipata niifanyie nini?

---

Mtaalamu wa sayansi ya chakula, Morogoro

Ndugu, opereta wako amekupa takwimu muhimu kuliko zote zilizo kwenye daftari. Alichofanya kina maelezo ya kisayansi. Mbegu yenye maji mengi huwa laini, haishikani vizuri na skrubu, shinikizo ndani ya kizimba, ile nyumba ya chuma inayoizunguka skrubu, linashuka na mafuta hubaki kwenye mashudu. Mbegu iliyokauka kupita kiasi nayo husagika kuwa unga, mafuta yanatoka yakiwa na matope mengi na vyuma vinalika haraka. Kwa alizeti, unyevu wa karibu asilimia 6 hadi 8 ndio ambao mashine nyingi za skrubu hufanya nao kazi vizuri. Kwa mashine yako mahususi kiwango bora utakipata kwenye mafungu yako mwenyewe, ukiweka unyevu mstari mmoja na mafuta yaliyopatikana mstari wa pili.

Unyevu pia ni fedha unayolipa. Ukinunua kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 10 na ukazikausha hadi 7, utabaki na kilo 968 hivi. Kilo 32 ulizozipoteza ni maji uliyoyalipia kwa bei ya mbegu, kabla hujakamua hata tone. Bei ya kununulia inaweza kupangwa kwa hesabu hiyo, na mkulima akionyeshwa kipimo mbele yake hukubali kwa urahisi kuliko akiambiwa tu kwamba mbegu zake ni mbichi. Kipimo hichohicho kimlinde naye: aliyekausha vizuri alipwe zaidi. Mbegu zenye unyevu zikilundikwa stoo zinapata joto na ukungu, na asidi huru za mafuta zinaongezeka, kwa hiyo fungu lililoingia na unyevu mkubwa likaushwe na kukamuliwa kwanza hata kama liliingia mwisho.

Kipima unyevu cha mkononi kinafaa kwa kazi ya kila siku, mradi kiwe na mpangilio wa alizeti, kwani kilichopangwa kwa mahindi kitakupa namba isiyo ya kweli. Mara chache katika msimu kihakikishe kwa tanuri: pima sampuli, ikaushe kwa nyuzi joto 103 hadi uzito usipungue tena, kisha linganisha. Na sampuli yenyewe ndiyo hukosewa zaidi. Ukichota juu ya gunia moja lililo mlangoni unapima gunia hilo tu, tena sehemu yake kavu. Tumia bomba la kuchomea magunia, chukua kutoka magunia mengi ya mzigo, juu, katikati na chini, changanya pamoja, gawanya, ndipo upime. Ukiwa na magunia 100, kuchoma 10 yaliyochaguliwa bila upendeleo ni mwanzo mzuri.

Mafuta yaliyobaki kwenye mashudu hayapimiki kwa jicho, ingawa opereta mzoefu husoma mengi kwenye unene na ugumu wa vipande. Tuma sampuli maabara. Maabara za chakula, ikiwemo ya chuo chetu cha Sokoine, hutumia njia ya kuyeyusha mafuta na kupima kilichotoka. Huhitaji kila siku. Sampuli moja kwa kila mashine kila baada ya wiki mbili, ikiwa na namba ya fungu na tarehe, itakuonyesha mwenendo. Omba pia unyevu wa mashudu upimwe kwenye sampuli hiyohiyo, usije ukalinganisha mashudu makavu na yaliyolala nje usiku.

---

Mkamuaji wa Singida (mwanzisha mada)

Nimerudi kuwapa taarifa, kwa kuwa nilikuwa bado na akiba ya mbegu za Mkalama na sikutaka kusubiri Mei. Tumekamua mafungu 9 kwa utaratibu mlionifundisha. Mizani imehakikiwa. Ubao upo ukutani, na anayeandika ni opereta mwenyewe.

Kwanza, magunia yangu. Tulipima 60 na tofauti kati ya zito na jepesi ilikuwa kilo 14. Wastani wangu wa misimu 3 nimeuweka pembeni, sitausoma tena kana kwamba unasema kitu kuhusu mashine.

Pili, mbegu zikiwa zilezile na unyevu wa karibu asilimia 7, mashine ya kwanza imetupa kati ya kilo 29 na 30 za mafuta kwa kila kilo 100 zilizopepetwa. Mashine ya pili haijavuka 26 hata mara moja. Majibu ya maabara yamekuja jana na yanasema hivyohivyo: mashudu ya mashine ya pili yana mafuta mengi zaidi kwa wazi. Nilikuwa nikiamini kwamba mashine ya pili ndiyo nzuri kwa sababu inameza magunia mengi kwa saa, na kila tulipokuwa na haraka ndiyo niliyoagiza ijazwe. Nimekuwa nikiwauzia wafugaji mafuta yangu kwa bei ya mashudu kwa miaka kadhaa, na amri ilikuwa yangu.

Tatu, kilo zisizo na maelezo ni chache kuliko nilivyohofia. Sehemu kubwa tuliikuta kwenye matope ya chini ya matangi, ambayo yalikuwa yakitupwa kila Jumamosi wakati wa usafi. Sasa yanapimwa na kurudishwa kwenye mashine kidogokidogo pamoja na mbegu. Nimemwomba opereta radhi kwa mashaka niliyokuwa nayo, ingawa sikuwahi kuyatamka mbele yake.

Fundi, nifungue mashine ya pili sasa au nimalizie akiba kwanza?

---

Fundi wa mashine za kukamua, Dodoma

Fungua sasa, ukamulie akiba iliyobaki kwa ile ya kwanza hata kama itachukua siku nyingi zaidi. Mashine inayokimbia sana na kuacha mafuta nyuma mara nyingi skrubu yake imelika, nafasi kati yake na kizimba imepanuka na mbegu zinapita bila kubanwa. Pima kipenyo cha kila kipande cha skrubu, kilinganishe na kipya, uandike vipimo hivyo pamoja na tarehe na jumla ya tani zilizopita tangu vyuma vya mwisho vilipofungwa. Kama hukuwa na jumla hiyo, anza kuihesabu siku utakapofunga vipya. Ukishafunga, kamua fungu moja la Mkalama lenye unyevu uleule wa asilimia 7, bila kubadili jambo jingine lolote, na utuletee namba hapa.

Kisha endelea kuandika uwiano huo kila wiki dhidi ya tani zinazopita. Utaona unashuka taratibu kadiri chuma kinavyolika, na itafika wiki ambayo mafuta unayoyapoteza yana thamani kuliko seti mpya. Kwa kila kiwanda wiki hiyo ni tofauti, kwa sababu mchanga ulio kwenye mbegu na bei ya vyuma havifanani, kwa hiyo usikubali mtu akutajie tani za kubadilishia kabla hajauona ubao wako.